Jinsi Mlio wa Redio Unavyoweza Kuchukua Maandishi

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kama mzaha: ya kwamba redio, chombo cha kusikilizia maneno na nyimbo, yaweza pia kuleta maandishi yaliyoandikwa, herufi kwa herufi, hata yakasomwa kwa macho mahali ambapo barua haijafika. Yeyote atakaye kuyafuata vema na achukue kipande cha karatasi na kalamu ya risasi, maana hesabu kidogo i mbele yetu.

Na tuanze na jambo mnalolijua. Tangu tarehe 5 Februari 1924, shirika la utangazaji la Uingereza, yaani BBC, hupiga milio sita midogo kuonyesha saa inapotimia. Mitano ni mifupi. Wa sita, tangu mwaka wa 1972, umerefushwa, na pale unapoanza ndipo saa inapotimia barabara. Hapana neno lililosemwa. Lakini mwenye saa yake mkononi amepata habari kamili, naye huirekebisha saa hiyo bila ya kuuliza mtu. Basi kumbe mlio peke yake waweza kubeba habari, ikiwa apigaye na asikiaye wamepatana mapema juu ya maana yake. Shikeni sana neno hilo la kupatana, kwa kuwa mambo yote tutakayoyasema leo yamesimama juu yake.

Mapatano ya namna hii si mageni. Samuel Morse wa Marekani alipeleka habari kwa waya kutoka Washington mpaka Baltimore tarehe 24 Mei 1844, kwa alama fupi na alama ndefu. Guglielmo Marconi alieleza kwamba tarehe 12 Desemba 1901, akiwa Newfoundland, alisikia herufi S, yaani alama fupi tatu, iliyovuka bahari ya Atlantiki bila waya kutoka Poldhu katika Uingereza. Na kabla ya hao wote, hapa Afrika kwetu, watu walikuwa wakizungumza kwa ngoma. Walokele, wakaao kando ya mto Kongo karibu na Kisangani, walichonga mgogo wa mti na kuuachia uwazi, ukawa na sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa sauti mbili tu walitangaza misiba, wakaita watu mkutanoni, wakapeleka habari kijiji hata kijiji. Mmisionari John Carrington, aliyekaa Yakusu, alijifunza ngoma hizo na kuandika kitabu juu yake mwaka wa 1949. Tutawarudia Walokele baadaye, maana wanalo somo kubwa la kutufundisha.

Sasa na tuangalie jinsi herufi inavyogeuzwa kuwa mlio. Kompyuta haijui A wala B. Hujua hesabu tu. Kwa hiyo mwaka wa 1963 Wamarekani walipatana kwamba kila herufi ipewe namba yake. A kubwa ni 65, B ni 66, C ni 67, na kuendelea hivyo kwa taratibu ya abjadi ya Kiingereza yenye herufi 26, hata Z ambayo ni 90. Alama za tarakimu nazo zilipewa namba zao: alama ya 2 ni 50, na alama ya 6 ni 54.

Je, namba hiyo itapelekwaje kwa sauti mbili tu? Mfikirieni mwenye duka aliye na mizani na mawe saba ya kupimia: la kilo 1, la 2, la 4, la 8, la 16, la 32 na la 64. Kila jiwe ni moja tu. Jaribuni nyumbani, nanyi mtaona kwamba kwa mawe hayo saba aweza kupima uzito wowote tangu kilo 1 mpaka kilo 127. Akitaka kupima 50, atatia la 32, la 16 na la 2. Basi ukimwuliza habari za mawe yake, kuanzia lile kubwa, atajibu hivi: la 64 halipo, la 32 lipo, la 16 lipo, la 8 halipo, la 4 halipo, la 2 lipo, la 1 halipo. Tukiandika 1 mahali pa «lipo» na 0 mahali pa «halipo», twapata 0110010. Hiyo ndiyo alama ya 2. Vivyo hivyo alama ya 6, ambayo ni 54, ni 0110110. Na kila «lipo» au «halipo» moja huitwa biti.

Imebaki kupatana juu ya milio. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1975, mafundi wa kompyuta ndogo walikutana katika mji wa Kansas City huko Marekani. Mashine zao hazikuwa na mahali pa bei nafuu pa kuwekea kazi iliyokwisha, lakini karibu kila nyumba ilikuwa na kinasa sauti cha kanda. Wakapatana kwamba 0 iwe mlio wa mitetemo 1200 kwa sekunde, na 1 iwe mlio mwembamba zaidi, wa mitetemo 2400 kwa sekunde. Kwa njia hiyo biti 300 zilipita katika sekunde moja. Milio hiyo ni ya kiasi cha sauti ya binadamu. Kwa hiyo lolote liwezalo kupitisha maneno laweza kuipitisha. Kanda yaweza. Waya wa simu waweza. Na redio, bila shaka, yaweza.

Waholanzi hawakukawia kuliona hilo. Katika mji wa Hilversum, ambao ni mji wa redio katika nchi yao, shirika la NOS lilikuwa na kipindi kilichoitwa Hobbyscoop. Watangazaji wake walianza kurusha hewani kazi za kompyuta kwa milio. Msikilizaji alitia kanda katika kinasa sauti chake, akanasa makelele yale, kisha akayaingiza katika kompyuta yake; na tazama, hesabu au mchezo au somo likatokea juu ya kioo. Kwa masikio ya mtu makelele hayo yalikuwa kero tupu, mfano wa nyigu waliofungiwa ndani ya debe. Kwa mashine yalikuwa maandishi safi.

Lakini walipata taabu moja. Zamani zile kila kampuni ilitengeneza kompyuta yenye lahaja yake, na kazi iliyoandikwa kwa mashine moja haikufahamika kwa nyingine. Ilibidi kuirudia ile ile mara nyingi, kila mashine kwa zamu yake, na muda wa kipindi ukaisha. Sisi tusemao Kiswahili twalijua jambo hili. Mtu wa Lamu, mtu wa Mombasa na mtu wa Unguja walikuwa na maneno yao mbalimbali. Na ili vitabu vya shule viweze kutumika kote, Halmashauri ya Lugha iliundwa mwaka wa 1930, ikakisanifu Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Waholanzi walifanya jambo linalofanana na hilo, ila hawakuchagua lahaja moja. Walichukua maneno yale tu yaliyofahamika kwa mashine zote, na kwa yale yaliyotofautiana wakampa kila mashine mkalimani wake. Lugha hiyo waliiita BASICODE. Mwendo wake ulikuwa biti 1200 kwa sekunde. Katika miaka ya 1980 BBC nayo iliitumia katika kipindi chake kiitwacho The Chip Shop.

Na tuupime mwendo huo. Kila herufi ilichukua biti 11, pamoja na zile za kuonyesha mwanzo na mwisho wake. Gawanyeni 1200 kwa 11. Mtapata herufi 109 kwa sekunde. Ukurasa wenye herufi 2000 ulipita kwa sekunde 18 hivi. Mtangazaji akiusoma ukurasa huo kwa kinywa chake, kwa mwendo wa kufahamika, atatumia dakika mbili au zaidi. Na aliyekosa neno amelikosa.

Habari ya kupendeza kupita zote yatoka Yugoslavia, nchi ambayo leo imegawanyika kuwa nchi kadhaa. Huko sheria ilizuia watu kuingiza kutoka nje vitu vya thamani kubwa, na kompyuta ilikuwa mojawapo. Mwaka wa 1983, fundi mmoja jina lake Voja Antonić, akiwa likizoni huko Risan kando ya bahari, aliwaza namna ya kompyuta rahisi ambayo mtu aweza kuiunga mwenyewe nyumbani. Michoro yake ilichapishwa katika toleo maalumu la gazeti la Galaksija, kwa ushirikiano na mwandishi Dejan Ristanović, na mashine ikaitwa kwa jina la gazeti hilo. Watu zaidi ya 8000 walijitokeza kutaka kuiunga. Ndipo ikawa haja ya kuwapatia kazi za kufanya kwa mashine zao. Katika Radio Beograd kulikuwa na mtangazaji, Zoran Modli, mwenye kipindi kiitwacho Ventilator 202. Yeye alirusha kazi hizo kwa milio, na wasikilizaji wakazinasa. Zaidi ya hayo, wasikilizaji wenyewe waliandika kazi zao, wakampelekea kwenye kanda, naye akazirusha ili wengine wazipate. Hivyo watu waliofungiwa mlango wa forodhani walipata maarifa kupitia dirisha la hewa. Nasi twaona hapa kwamba redio haikuwafanya watu hao kuwa wasikilizaji tu. Iliwafanya kuwa watu wa kupashana elimu.

Sasa twaja kwenye jambo zito. Tazameni tena karatasi zenu. Alama ya 2 ni 0110010. Alama ya 6 ni 0110110. Zahitilafiana kwa biti moja tu, la jiwe la 4. Ngurumo moja ya radi, au mkwaruzo mmoja hewani kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde, yatosha kuigeuza 2 kuwa 6. Kama ujumbe ulikuwa wa mchezo, haidhuru. Kama ulikuwa umeandikwa «mtoto apewe vidonge 2», basi ni hatari kubwa.

Sisi tuliliona jambo hili kwa macho yetu katika chuo chetu cha ualimu. Tuliwagawa vijana wetu mafungu mawili, tukawaweka kwenye ncha mbili za kiwanja cha mpira. Filimbi ikawa 1, kengele ikawa 0. Fungu la kwanza likapewa alama ya 2 kuipeleka. Upepo ulikuwa ukivuma, na watoto wa jirani walikuwa wakicheza kando ya kiwanja na filimbi yao. Fungu la pili likaandika, likapiga hesabu, likatangaza kwa furaha kwamba limepata 6. Hapana aliyekuwa mvivu wala mzembe. Kosa lilikuwa letu sisi walimu, maana hatukuwapa njia ya kujua kama walichosikia ni sahihi.

Siku ya pili tuliongeza biti moja, tukaiita mlinzi. Kanuni yake ni hii: hesabu ya 1 zote, pamoja na mlinzi, lazima igawanyike kwa 2 bila baki. Alama ya 2 ina 1 tatu. Basi mlinzi wake ni 1, zikawa nne. Biti yoyote moja ikigeuka njiani, jumla yawa tatu au tano, na msikiaji ajua mara moja kwamba ujumbe umeharibika. Vijana wetu walipoona baki, walipunga kitambaa cheupe, na wenzao wakarudia.

Njia hii ina upungufu wake. Zikigeuka biti mbili pamoja, mlinzi hudanganyika. Kwa ajili hiyo Waholanzi waliweka mwishoni mwa kila kazi hesabu ya jumla iliyofanyizwa kutoka herufi zote. Kompyuta ya msikilizaji ilifanya hesabu ile ile, ikalinganisha. Zikipatana, ujumbe umefika salama kwa kadiri ya kuweza kutegemewa. Zisipopatana, mtu alijua kwamba asiutumie.

Lakini hapa redio yatutega. Msikilizaji wa redio hana kitambaa cha kupunga. Aliye Tabora, au Bunia, au kisiwani Pemba, akikosa biti moja, mtangazaji hana habari naye. Afanyeje? Hapo ndipo Walokele wanapotufundisha. Katika lugha yao, neno la mwezi na neno la kuku yana sauti zinazofanana: ya juu, ya juu. Ngoma ikilipiga neno lenyewe tu, asikiaye hatajua ni lipi. Kwa hiyo mpigaji haliachi neno likae peke yake. Hulipiga pamoja na sifa zake, akiutaja mwezi kwamba ndio unaoitazama nchi kutoka juu. Na sauti za maneno hayo marefu hazifanani na zile za kuku. Ameongeza maneno ambayo katika mazungumzo ya kawaida ni ya ziada, na ziada hiyo ndiyo inayomwokoa msikiaji.

Wataalamu wa leo wafuata njia hiyo hiyo. Mwezi wa Machi 2013 Sauti ya Amerika ilianza kipindi kilichoitwa VOA Radiogram, kilichotengenezwa na Kim Andrew Elliott, kikarushwa kwa masafa mafupi kutoka North Carolina mpaka mwezi wa Juni 2017. Na baada ya hapo yeye mwenyewe alikiendeleza kwa jina la Shortwave Radiogram kupitia vituo vingine. Ndani ya kipindi hicho habari zilizoandikwa, na hata picha, hupelekwa kwa milio. Namna waliyoitumia sana ina milio 16, nayo hupigwa mmoja mmoja, mara 31 na robo kwa sekunde. Kwa kuwa kila mlio ni mmoja kati ya 16, hubeba biti nne kwa pamoja. Nusu ya biti zote ni za ziada, zilizopangwa kwa hesabu ili kompyuta iweze kutambua makosa na pia kuyasahihisha, bila ya kuuliza.

Mwendo wake ni mdogo: maneno 120 hivi kwa dakika, hauzidi sana mwendo wa msomaji wa habari. Mtu aweza kuuliza, «Basi faida yake nini?» Ninyi mnaosikiliza masafa mafupi mwajua jinsi sauti inavyopanda na kushuka, maana mawimbi yale hugonga tabaka za juu angani na kurudi chini kwa njia nyingi. Mara nyingi maneno ya mtangazaji yakiwa hayafahamiki tena, maandishi yaliyobebwa kwa milio hufika bado yakisomeka. Tena hubaki. Asiyesikia kwa masikio aweza kuyasoma. Aliyefungiwa intaneti aweza kuyapata. Na chombo chake si kikubwa: redio ya kawaida ya masafa mafupi, na kompyuta, au simu ya mkononi yenye programu ya kazi hiyo iliyowekwa karibu na kipaza sauti cha redio.

Hatusemi kwamba njia hii itachukua mahali pa intaneti. Fanyeni hesabu: picha moja ya simu yenye baiti milioni moja, ikipelekwa kwa mwendo wa BASICODE, ingechukua zaidi ya saa mbili na nusu. Lakini maandishi ni mepesi. Ukurasa wa somo, orodha ya bei za mazao, onyo la mafuriko au maelezo juu ya ugonjwa hupita kwa sekunde chache, na kwa mpigo mmoja hufika katika nyumba zote zenye kupokea, ziwe kumi au elfu kumi, bila gharama kuongezeka. Palipo na shule isiyo na waya wala mnara wa simu, lakini yenye redio na kompyuta moja, hilo si jambo dogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kabla ya kuagana twataka kuwaonya juu ya jambo moja. Hesabu ya mwisho, ile ya kulinganisha, yathibitisha kwamba kilichofika ndicho kilichopelekwa. Haithibitishi kwamba kilichopelekwa ni kweli. Mwandishi akikosea mwenyewe, akaandika vidonge 6 mahali pa 2, walinzi wote watapita salama, jumla zitapatana, na kosa litafika likiwa zima kabisa. Mashine yaweza kulinda njia. Kulinda neno ni kazi ya yule aliyelitia njiani. Basi ninyi wanafunzi ambao huenda siku moja mtakuwa wenye kuandika matangazo kama hayo, someni mara mbili yale mliyoandika kabla ya kuyapeleka, maana yule atakayeyapokea hana njia ya kuwauliza.

Mwisho twawaachia kazi ya nyumbani. Geuzeni namba hizi nne kuwa herufi, kwa mawe yetu saba, mkianza na lile la 64: 1000010, 1000001, 1010011, 1001001. Mtakaposoma neno hilo, mtakuwa mmesikia na salamu zetu za kufungia mazungumzo. Kwaherini.